Kuwa Mwongozaji wa Filamu na Televisheni Ukiwa Kigoma: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mwongozaji ndiye mtu pekee kwenye eneo la kupigia picha ambaye anaweza kumaliza siku nzima bila kushika kifaa hata kimoja, na bado akawa ndiye aliyechoka kuliko wote. Kamera ina mpiga picha wake, kinasa sauti kina fundi wake, mavazi yana msimamizi wake. Kilichobaki mikononi mwa mwongozaji ni kujibu. Mama avae kanga ipi? Kijana aanze kuondoka kabla ya kusema neno lake la mwisho, au baada ya kulisema? Mtumbwi ule unaoingia kutoka kulia usubiriwe upite, au uachwe uwemo kwenye picha? Anayejibu upesi na kwa usahihi, kwa sababu jibu alikuwa nalo tangu wiki iliyopita, huyo ndiye mwongozaji. Anayejibu "tutaona" mara tatu mfululizo atakuta mpiga picha ameshaanza kuamua kwa niaba yake.

Ninamwandikia mtu aliyeko Kigoma, au mkoa wa jirani kama Tabora, ambaye anataka kazi hii iwe ajira yake na si jambo la kupitishia Jumapili. Vifaa nitavigusa kidogo tu, kwa sababu ndivyo vinavyoulizwa zaidi na ndivyo vinavyoamua kidogo zaidi.

Hatua ya kwanza: ijue kazi na mipaka yake

Mtayarishaji hutafuta fedha, huajiri watu, husaini mikataba na hubeba dhamana ya kazi nzima; mwongozaji hubeba dhamana ya kile kitakachoonekana na kusikika kwenye skrini. Katika uzalishaji mdogo wa Bongo Movie mtu mmoja huandika, hutayarisha, huongoza, huhariri na wakati mwingine huigiza kama mhusika mkuu. Kwa filamu yako ya kwanza na ya pili jambo hilo halina ubaya, maana hakuna njia nyingine. Kwenye ya tatu anza kugawa majukumu, la sivyo utabaki kuwa mtu wa kazi zote ambaye hakuna anayemwita kwa kazi moja.

Televisheni nayo ina taratibu zake. Kwenye tamthilia ya vipindi vingi, waongozaji wawili au watatu huweza kupokezana, na sura ya tamthilia huwa imeshawekwa na mtayarishaji pamoja na waandishi. Mwongozaji anayekuja kipindi cha kumi na tano akitaka kubadilisha namna wahusika wanavyozungumza hataitwa cha kumi na sita. Kwenye kipindi cha studio chenye kamera kadhaa, mwongozaji hayuko kabisa karibu na waigizaji: hukaa chumba cha kuongozea mbele ya skrini nyingi, akiwaelekeza wapiga picha kupitia hedifoni na kutamka ni kamera ipi iende hewani. Huko uamuzi hufanywa kwa sekunde, na hakuna kurudia. Wapo waongozaji wazuri wa filamu ambao chumba kile kiliwashinda, na wapo wa televisheni ambao hawawezi kukaa miezi sita na hadithi moja. Jitambue mapema.

Hatua ya pili: chagua mlango wa kuingilia

Milango ni mitatu. Wa kwanza ni shule. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo, hutoa mafunzo ya ngazi ya cheti na stashahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vina masomo ya sanaa za maonyesho na filamu kwa ngazi ya shahada. Kutoka Kigoma hadi pwani ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na gharama ya kuishi huko ni kubwa kuliko nauli, kwa hiyo piga hesabu ya miaka yote ya masomo badala ya muhula mmoja.

Mlango wa pili ni uigizaji. Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga na kufariki Aprili 2012, alipitia kikundi cha Kaole kwenye tamthilia za televisheni kabla ya kuanza kuongoza na kutayarisha filamu zake mwenyewe. Anayeingia kwa njia hii huwa na faida moja ambayo shule haiitoi kwa urahisi: anajua mwigizaji anahisi nini anapoambiwa "rudia" bila kuelezwa kwa nini.

Wa tatu ni uanagenzi, yaani kujifunza kazi chini ya wanaoifanya, na huo ndio ninaoupendekeza kwa aliyeko huku. Anza na timu zinazopiga picha za harusi, kipaimara na hafla za halmashauri, kisha filamu fupi za miradi ya mashirika yanayofanya kazi mkoani. Harusi hudharauliwa bila sababu, ilhali inakufundisha kusoma tukio kabla halijatokea, kwa kuwa bibi harusi hatarudia kuingia ukumbini kwa ajili yako. Ukipata nafasi kwenye filamu ya kuigiza, usiombe kushika kamera. Omba kutunza mwendelezo. Mtunza mwendelezo huandika kwenye daftari lake mkono upi ulishika kikombe, kilemba kilikuwa kimelala upande gani, na mstari upi wa maneno ulisemwa mwigizaji akiwa amesimama. Hukaa ubavuni mwa mwongozaji kutwa nzima na husikia kila uamuzi pamoja na sababu yake. Sijui kazi nyingine inayofundisha uongozaji kwa ukaribu namna hiyo, na karibu kila timu huwa haina mtu wa kuifanya.

Jambo moja liende sambamba na mlango wowote utakaochagua, nalo ni kujifunza kuhariri. Haihitajiki uwe mhariri wa kulipwa. Inatosha kukaa mezani na picha ulizoziongoza mwenyewe na kugundua, kwa aibu, kwamba hukupiga hata shoti moja (kipande cha picha kinachorekodiwa bila kukatwa) ya mtu anayesikiliza.

Hatua ya tatu: isome skripti mpaka ikupe picha

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa utaratibu wa kawaida hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Kazi yako ya kwanza iwe na kurasa tano hadi kumi, wahusika wasiozidi watatu, na maeneo mawili unayoweza kuyafikia kwa bodaboda.

Isome mara ya kwanza bila kalamu, kama mtazamaji. Mara ya pili, pembeni ya kila sini, yaani kila tukio la mahali pamoja na wakati mmoja, andika sentensi moja inayosema nani anataka nini na nani anamzuia. Sini ambayo sentensi yake haiandikiki, mrudishie mwandishi. Mara ya tatu orodhesha kila kitu kinachohitajika: watu, mavazi, vyombo, magari, saa ya siku, sauti.

Chukua mfano wa sini ya nusu ukurasa. Ni jioni, mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Mama anaanua dagaa aliowaanika asubuhi. Mwanawe anakuja kumwambia kuwa amekata tiketi ya treni, anaondoka kesho kwenda Dar es Salaam. Mwongozaji mgeni ataweka kamera kwenye uso wa mama, kisha uso wa kijana, kisha wote wawili, na kurudia maneno yote kwa kila upande. Ataondoka na shoti kumi na moja zisizosema chochote. Wewe jiulize kwanza: sini hii ni ya nani? Tuseme ni ya mama, na tuseme asubuhi aliliona begi chini ya kitanda, kwa hiyo habari anayoletewa anaijua tayari. Hapo sini inageuka. Jambo la kutazamwa haliwi tena maneno ya kijana, linakuwa mikono ya mama.

Shoti ya kwanza ni pana: mwalo wote, mama akiwa mdogo katikati ya nyavu za dagaa. Ya pili ni mikono ikikusanya dagaa, na kwenye ukingo wa picha miguu ya kijana inaingia, ikiwa na viatu vipya. Ya tatu ni uso wa mama, anayesikiliza bila kuacha kazi. Ya nne ni kijana, akiwa na ziwa nyuma yake. Kisha turudi kwenye mikono, ile ile ya shoti ya pili, pale inaposimama. Umefanya kwa shoti nne kazi ambayo kumi na moja zingeivuruga, na umeokoa mwanga wa jioni.

Sini hiyo hiyo ina mitego miwili ambayo ni lazima uione ukiwa bado nyumbani. Mtego wa kwanza ni mstari wa kufikirika unaopita kati ya mama na mwanawe. Kamera zote zibaki upande mmoja wa mstari huo, ndani ya nyuzi 180. Ukivuka, kijana aliyekuwa akitazama kushoto ataonekana akitazama kulia, na mtazamaji atahisi kama wawili hao wamepeana migongo. Mtego wa pili ni dagaa wenyewe. Kila shoti inapopigwa mama anawapunguza wavuni, na kila mnaporudia lazima waanikwe upya kama walivyokuwa mwanzo. Piga picha ya simu kabla ya kila shoti, na uwe na mtu ambaye kazi yake ni hiyo pekee. Kwenye filamu yangu ya kwanza sikuwa naye, na mpaka leo kuna mahali wavu unakuwa mtupu, kisha umejaa, kisha mtupu tena, katika muda usiozidi sekunde ishirini.

Hatua ya nne: panga ratiba kwa kulitazama jua na ziwa

Timu zinazotoka Dar es Salaam hukosea hapa kila mara. Saa zetu ni moja nchi nzima, lakini jua halifuati saa za serikali: Kigoma iko magharibi kiasi kwamba jua huchomoza na kuzama takriban dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Jua la utosini, lile linalotia vivuli vyeusi kwenye macho ya mwigizaji, huku hufika karibu na saa 7 mchana badala ya saa 6 na dakika 20 hivi ya Dar es Salaam. Sini za nje zenye nyuso, zipange kuanzia asubuhi hadi saa 4, na tena kuanzia saa 10. Katikati ingia ndani ya nyumba, au kula. Jua huzama karibu na saa 1 jioni au baada yake kidogo, likielekea nyuma ya milima ya Kongo, na baada ya hapo giza hufunga haraka kwa sababu tuko karibu na ikweta. Ukitaka ule mwanga wa dhahabu juu ya maji, mazoezi yawe yamekamilika ifikapo saa 11 na nusu.

Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Filamu iliyoanza kupigwa Septemba nyasi zikiwa kavu na kumaliziwa Desemba itaonyesha mlima ule ule ukiwa wa kahawia na wa kijani katika siku moja ya hadithi. Miezi ya kiangazi ina usumbufu wake pia, kwa kuwa moshi wa nyasi zinazochomwa huifuta milima ya ng'ambo, na mtu aliyeiahidi timu yake mandhari ya Kongo anabaki na ukuta wa kijivu.

Kama hadithi yako ina wavuvi, kalenda ya mwezi ni muhimu kuliko kalenda ya ukutani. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hubaki nchi kavu, na ile safu ya taa ziwani inayofanana na mji unaoelea huipati. Fuatilia pia matangazo ya serikali: mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na mwongozaji ambaye filamu yake ilihitaji mwalo wenye watu hakuwa na la kufanya ila kusubiri.

Hatua ya tano: vibali

Bodi ya Filamu Tanzania inafanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Kibali cha kupiga picha hutangulia kazi, na filamu iliyokamilika hukaguliwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Anzia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako. Ndiye anayejua utaratibu wa mahali, na barua yake hufungua milango ya watendaji wa kata na viongozi wa mwalo.

Maeneo kadhaa yana wenyewe. Hifadhi za Gombe na Mahale ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na sokwe hawapigwi picha za filamu kwa tiketi ya mtalii. Bandari na stesheni ya reli huhitaji ruhusa ya mamlaka husika, tena uiombe mapema, kwa kuwa mkoa huu uko mpakani na kamera yenye lenzi ndefu huvuta maswali. Droni ina safari yake ya pekee kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga na wizara yenye dhamana ya ulinzi. Kwa filamu fupi ya kwanza, achana na droni.

Hatua ya sita: waigizaji

Kosa linalowaharibu waigizaji wengi huku ni mwongozaji kuwaigizia. Anasimama, anasema mstari wa maneno kwa sauti anayoitaka, kisha anaamuru: "Sema hivyo." Mwigizaji atakuiga, na utapata nakala dhaifu ya uigizaji wako mwenyewe. Kumwambia "kuwa na huzuni zaidi" pia hakusaidii, maana huzuni haitendeki. Mtu hutenda jambo, na huzuni huonekana. Mpe kitenzi. Badala ya kumwambia yule mama ahuzunike, mwambie: "Mcheleweshe. Kila anapotaka kusema, mpe kazi." Mama ataanza kumwagiza mwanawe alete ndoo, ashike wavu, atoe mchanga, na wewe utaiona huzuni bila kuiomba.

Ukimtumia mtu asiyewahi kuigiza, mvuvi halisi au mama wa mwaloni, mpe kazi anayoifanya kila siku na uache maneno yaje katikati ya kazi hiyo. Mruhusu ayaseme kwa Kiswahili chake cha Kigoma, au kwa Kiha ikiwa mhusika ndivyo angezungumza. Nimeona skripti nzuri zikifa kwa sababu bibi wa Ujiji alilazimishwa kuongea kama msoma taarifa ya habari. Fanyeni mazoezi angalau siku tatu kabla, mahali penyewe ikiwezekana, na maelekezo yako umpe mwigizaji kwa sauti ya chini, ukiwa karibu naye, badala ya kuyapigia kelele kutoka kwenye kamera.

Hatua ya saba: siku ya kupiga picha

Utaratibu wa kila shoti hauna siri: waigizaji hupanga miondoko yao mbele ya mwongozaji na mpiga picha, kisha hupumzika wakati taa na kamera zinawekwa, hufanya zoezi moja la mwisho, ndipo kimya kinapoitwa. Fundi sauti anathibitisha kuwa anarekodi, mpiga picha anathibitisha, kibao chenye namba ya shoti kinapigwa mbele ya kamera, na mwongozaji anasema "eksheni". Usiseme "kati", neno la kusimamisha kamera, mara tu maneno yanapoisha. Hesabu hadi tatu, kwa kuwa uso wa mtu aliyemaliza kusema mara nyingi ndio unaobeba sini.

Kwenye kamera, jambo la lazima ni hili: umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo rekodi fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za ndani zitametameta kwenye picha na hakuna programu itakayozitibu vizuri.

Sauti ndiyo inayotenganisha filamu na video ya simu. Mtazamaji husamehe picha yenye giza, lakini huzima filamu asiyoisikia. Ziwani upepo huanza kuvuma bila taarifa, kwa hiyo maikrofoni ivishwe kinga ya manyoya, na mtu mmoja avae hedifoni muda wote. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima ya mazungumzo kwa sababu ya injini ya mtumbwi uliokuwa mbali kiasi kwamba masikio yetu yalikuwa yameshaizoea, maikrofoni haikuizoea. Tangu siku hiyo, kabla ya kuondoka mahali popote huwasimamisha watu wote kimya kwa sekunde 30 na kurekodi sauti ya mahali penyewe, ambayo mhariri huitumia kuziba mapengo. Usiku huo huo, kabla ya kulala, picha zinakiliwa kwenye diski mbili, na diski hizo zinalala nyumba mbili tofauti.

Hatua ya nane: mezani kwa mhariri

Mwachie mhariri akusanye toleo la kwanza bila wewe kukaa begani mwake. Litakuwa refu na litakukatisha tamaa, ni kawaida. Kisha toa shoti uliyoipigania kuliko zote, angalia kama hadithi imepungua, na kama haikupungua usiirudishe. Waonyeshe watu watano wasiokujua, na usiwaulize kama wameipenda. Waulize nani alitaka nini.

Hatua ya tisa: kipato na karatasi

Mkataba uandikwe hata kama mtayarishaji ni binamu yako. Utaje siku za kazi, malipo na tarehe zake, nani ana neno la mwisho kwenye uhariri, na jina lako litaandikwaje. Dai nusu kabla ya siku ya kwanza, sehemu nyingine picha zinapokamilika, na iliyobaki kabla ya kukabidhi faili la mwisho. Mtayarishaji mmoja aliwahi kuniahidi kunilipa "filamu ikitoka". Ilitoka, nami nikaiona kwa jirani. Kama umeandika skripti mwenyewe, isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kuisambaza, na kama ni ya mwingine, hakikisha mwandishi amesaini kukupa haki ya kuitengeneza.

Kwa miaka ya mwanzo kipato kitatoka kwenye harusi na filamu fupi za miradi, na tamthilia ya kuigiza itakuwa inakula kile ulichokipata huko. Tenga siku maalumu kwa kila upande, kwa sababu harusi za Juni hadi Agosti zinaweza kumeza msimu wote mzuri wa kupiga picha.

Hatua ya kumi: ipeleke kazi mahali inapoonekana

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, limekuwa likifanyika tangu 1998 na hupokea filamu fupi. Bodi ya Filamu nayo ilianzisha Tuzo za Filamu Tanzania mwaka 2021. Chaneli zinazoonyesha kazi za Kiswahili, kama Sinema Zetu ya Azam TV na Maisha Magic Bongo, hununua kazi zilizokamilika au huagiza tamthilia kupitia watayarishaji, kwa hiyo mtafute mtayarishaji aliyewahi kuwauzia kabla ya kugonga mlango wao mwenyewe.

Utakachotuma kiwe filamu fupi moja nzima pamoja na kipande cha dakika mbili cha kazi zako, kikianza na sini yako bora na si jina lako likizunguka kwa muziki. Manukuu ya Kiingereza yasomwe na mtu wa pili. Kama wahusika wanazungumza Kiha, huyo wa pili awe Muha, na umketishe mbele ya filamu yenyewe badala ya kumpa karatasi ya maneno, kwa sababu kuna "ndiyo" za mama wa mwaloni ambazo maana yake huonekana tu ukiitazama mikono yake.